Nani Alimchagua Fundi wa Sakafu

Kiwalani,
12 Januari 2025

Shangazi yangu Bi Mwanaheri,

Shikamoo. Natumaini uko salama huko Kilwa na masikio hayajazidi kukusumbua. Sie hatujambo. Mama anakusalimu; mguu wake umepungua uvimbe na ameanza tena kukaanga maandazi asubuhi. Ningepiga simu, lakini najua ukiiweka sikioni unasikia upepo tu, na ujumbe mfupi unasema ni wa wavivu. Kwa hiyo naandika, na kondakta wa basi la Kilwa pale Rangi Tatu ameniahidi barua itakufikia.

Kazini bado niko kwenye majaribio. Bwana Mudathir, mwenye zahanati, kila asubuhi ananiuliza, "Mwalimu wangu hajambo?" Bado anakumbuka ulivyomfundisha darasa la kwanza pale Temeke. Akikutaja husimama wima, hata kama alikuwa ameegemea meza.

Sasa nina jambo linaloninyima raha. Amejenga chumba kipya cha kujifungulia, na wakaguzi wa afya wamesema hakitafunguliwa mpaka sakafu yake iwe haina maungio wala haifyonzi damu na maji. Inatakiwa epoksi, ile rangi nzito inayomwagwa juu ya zege ikaganda ngumu. Kazi ya kumtafuta fundi nimepewa mie. "Ukipatia tumepatia wote," alisema Bwana Mudathir, "ukikosea umekosea wewe." Alicheka. Mie sikucheka.

Wamekuja watatu. Wa kwanza alitaja bei kwenye simu kabla hajaniuliza chumba kiko wapi. Wa pili alikuja na picha za hoteli, sakafu zinang'aa kama sinia, akaondoka bila kutazama chini. Wa tatu anaitwa Gibson, ana ofisi Mwenge. Huyo alipiga magoti. Akakwaruza zege kwa msumari, akabandika kipande cha nailoni sakafuni kwa tepu pande zote, akasema kisiguswe mpaka kesho yake. Tulipokifungua, kwa chini kilikuwa na matone kama kifuniko cha sufuria. Alisema Kiwalani maji yako karibu, yanapanda kupitia kwenye zege, na ukimwaga epoksi juu ya unyevu itabanduka tu, iwe ya bei gani. Lazima sakafu isagwe kwa mashine, ipakwe dawa ya kuzuia maji, isubiriwe ikauke. Bosi anaona huku ni kupoteza muda. Mie nataka nimchague Gibson, lakini naogopa kukosea. Nishauri.

Mwanao,
Raudha


Kilwa Masoko,
26 Januari 2025

Mwanangu Raudha,

Marahaba. Barua imefika ikinuka dizeli, lakini imefika. Mie mzima. Jirani yangu Mwajabu kapata mjukuu wa kike, kelele zake hata mie kiziwi nazisikia. Mwambie wifi yangu apunguze chumvi, mguu hauponi kwa maandazi.

Umeniandikia kurasa tatu. Nimezisoma mara ya kwanza, nikazisoma mara ya pili na miwani. Nimemkuta Mudathir. Nimemkuta mtu wa hoteli. Nimemkuta mtu wa Mwenge anayepiga magoti, na nailoni yake, na msumari wake. Nikatafuta jina la Twalib. Halimo.

Twalib ni mtoto wangu wa pekee. Ni kaka yako. Anakaa Vingunguti, toka hapo ulipo unafika hata jasho halijatoka. Kazi yake ni sakafu. Watu baki unawaita, unawatembeza, unawasifia. Damu yako unaipita kama huioni. Nani kakufundisha? Marehemu kaka yangu hakuwa hivyo. Kama ni wifi yangu, mwambie nimeuliza.

Unaomba ushauri. Ushauri wangu ni huo.

Shangazi yako,
Mwanaheri


Kiwalani,
9 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mama hakunifundisha chochote kibaya juu yako, na nilipomsomea barua yako alikwenda kukaa nje. Tafadhali usimwingize.

Sikumsahau Twalib. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa haya haya. Baada ya barua yako nimemwita. Alikuja na jezi na kofia, akanikumbatia mbele ya wagonjwa. Nikamwomba anionyeshe picha za epoksi aliyoimwaga. Akanionyesha kwenye simu, nzuri kweli, za buluu, moja ina pomboo amechorwa katikati. Nikamuuliza, "Hizi ziko wapi, kaka?"

"Ziko mikoani huko, sista."

"Hakuna hata moja ya Dar? Iliyokaa mwaka, watu wanapita juu yake, nikaitazame?"

"Aisee, unanikagua mie kama trafiki! Sista, kwani mie na wewe tumeanza kujuana leo?"

Nikamwambia wote nimewauliza swali hilo hilo. Gibson alinipeleka kwenye jiko la shule moja huko Kinondoni, nikaona sakafu yake iliyochakaa kwa kudekiwa lakini haijainuka popote. Twalib alicheka, akaniomba soda, akaondoka. Hakuja tena.

Sasa nakuomba wewe, shangazi, kwa heshima zote. Unaijua sakafu hata moja ya epoksi aliyoiweka Twalib, ambayo bado iko sawa? Nitajie iko wapi. Nitakwenda kwa nauli yangu, nikiiona nitaandika jina lake mie mwenyewe na nitakuomba radhi. Hiki ni chumba cha wanawake kuzalia. Sakafu ikiinuka, damu itaingia chini yake na kuozea humo.

Nimeshamwandikia bosi kwamba ninampendekeza Gibson. Amesema atanijibu Jumatatu.

Raudha


Kilwa Masoko,
20 Februari 2025

Raudha,

Marahaba. Mfungo unakaribia, nawatakia maandalizi mema.

Nimemwandikia Mudathir. Amenijibu siku hiyo hiyo kwa mkono wake, mwandiko bado mbaya lakini adabu anayo. Kazi itafanywa na Twalib. Sikutaka ulisikie kwa watu.

Twalib akifika atakuwa na chupa ya kombe, maji ya aya za Qurani alizoandika Ustadhi wa hapa kwangu, na marashi. Chumba kinyunyizwe chote kabla ya kazi kuanza, maana kitu kisichoanzwa kwa dua hakina heri, na hapo watapita viumbe wapya. Wewe simama pembeni na uitikie amin. Hilo halihitaji nailoni.

Mwanaheri


Kiwalani,
7 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Idi Mubarak, ingawa imepita. Mama amerudi salama kutoka kwako. Ahsante kwa nazi na kwa ukarimu. Amerudi mkimya sana. Nikitaja jina la Twalib anakumbuka kitu jikoni.

Sikuandika muda wote huu kwa sababu kila nilipoanza nilichana. Leo sichani.

Ile Jumatatu bosi hakunijibu. Aliniita wiki mbili baadaye, hakuniangalia usoni. Alisema, "Mwalimu ameniandikia. Sasa mie nitamwambia nini Mwalimu?" Nikamkumbusha nailoni na matone. Akasema, "Raudha, yule mama alinishika mkono akanifundisha kuandika jina langu. Mlete huyo kaka yako."

Twalib alikuja na ndoo, brashi na mopa. Mashine ya kusagia hakuwa nayo. Alifagia. Kisha akatoa chupa yako, akasoma dua vizuri, sauti yake nzuri, wote tuliitikia amin, hata muuguzi mkuu wetu Felicitas, ambaye ni Mkristo. Nilidhani atanyunyiza kwa ncha za vidole. Alimwaga. Chupa nzima, kona mpaka kona, na marashi juu yake, kwa sababu wewe ulisema chumba chote. Zege likanywa. Akafuta juu juu kwa mopa, akasema pamekauka, na saa hiyo hiyo akaanza kupaka. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilitaka kusema ngoja. Niliogopa nitaonekana nazuia dua, basi nikanyamaza, na hilo silisahau.

Ilikuwa nzuri, shangazi. Ya waridi, inang'aa, bosi alipiga picha. Kisha mvua za masika zikaanza. Kwanza karibu na mlango, vilengelenge vidogo kama vya mtu aliyeungua na mafuta. Kisha vikubwa kama sahani. Ukikanyaga vinabonyea na kutoa maji. Mwishoni mwa mwezi wa tatu Felicitas alikuwa amebeba trei, kilengelenge kikapasuka chini ya kiatu chake, sakafu ikateleza naye kama ngozi ya ndizi. Amevunjika mkono wa kulia, pale kwenye kifundo. Mgonjwa hakuwepo ndani, na kwa hilo kila siku nashukuru.

Wakaguzi wamefunga chumba. Wanataka taarifa: nani alimteua fundi na kwa sababu gani. Bosi ameniambia niandike kwamba ni mie. Amesema mie bado niko kwenye majaribio, kwangu haitakuwa kitu kikubwa. Unajua maana yake. Nitatolewa kazini, na kila nitakapoomba kazi nyingine itaonekana kwamba karani huyu alimpa ndugu yake kazi asiyoijua, mwenzake akavunjika mkono.

Nataka umwandikie Bwana Mudathir, kwa mkono wako ule ule, kwamba fundi ulimtaka wewe. Yeye hawezi kulisema hilo kama hujamruhusu. Sikuombi zaidi ya hapo.

Raudha


Kilwa Masoko,
25 Aprili 2025

Raudha,

Umenipa shikamoo, basi marahaba.

Nimefundisha watoto wa watu mpaka nywele zimekuwa nyeupe, sijapata kuandikiwa barua kama ile na mtoto niliyemnawisha. Umesema dua imeharibu sakafu. Umeandika, ninayo hapa, kombe la Qurani limesababisha mtu kuvunjika mkono. Shule ndiyo imekufikisha huku? Jumapili tulikuwa na maulidi nyumbani kwa Mwajabu, nikasimama nikawaambia watu wote wasikie namna binti wa marehemu kaka yangu alivyobadilika huko mjini. Watu walishika midomo.

Sakafu imeharibika kwa jicho. Ulimtilia shaka Twalib tangu mwanzo, ukasimama mlangoni ukimtazama kwa roho mbaya, unatarajia nini?

Mudathir simwandikii. Barua niliyomwandikia ilikuwa ya mwalimu na mwanafunzi wake, haikuhusu. Wewe ndiye karani. Sahihi ni kazi ya karani.

Mwambie Felicitas pole.

Mwanaheri


Kiwalani,
18 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Felicitas amepokea pole yako. Amesema ahsante, na amesema na yeye ana yake ya kukupa, lakini sitaiandika.

Nimepigiwa simu na ndugu watano kutoka Kilwa, Lindi mpaka Mafia, wananiuliza kama nimeacha dini. Basi nisome vizuri, wewe uliyenifundisha kusoma. Sikusema dua. Nimesema maji. Dua ilipanda ilikopanda. Maji yalibaki chini kwenye zege. Angemwaga maji ya bomba au ya mvua ingekuwa vile vile. Ulijua tofauti hiyo uliposimama mbele ya watu, na bado ulisimama.

Wiki iliyopita bosi alituita ofisini kwake: mie, Felicitas na plasta yake, na Twalib. Taarifa ilikuwa imeshapigwa chapa. Imeandikwa karani alimteua fundi kwa hiari yake. Kalamu ilikuwa juu yake.

"Weka sahihi, Raudha, tumalize ishu hii," bosi alisema.

Nikasema, "Bosi, mie nilimpendekeza Gibson."

"Najua. Lakini karatasi inataka jina."

"Basi liandikwe la aliyechagua."

"Unataka niandike nini? Kwamba mie, mtu mzima na mvi zangu, nimeamrishwa na mwalimu wangu wa darasa la kwanza?"

Felicitas akasema, "Andika hivyo hivyo, baba. Mkono wangu huu haukuvunjwa na karani."

Bosi akamgeukia Twalib. Nilidhani atanilaumu mie. Alivua kofia, shangazi. Alisema, "Bosi, mie ni wa vigae. Vigae niite usiku niite mchana. Hii epoksi nilimwambia mama siijui vizuri. Hata sebuleni kwake niliijaribu, imebanduka yote, ameifunika kwa mikeka."

Jioni nilirudi nyumbani nikamuuliza mama. Mama alikuwa anakanda unga, akakanda mpaka mwisho, kisha akasema, "Niliiona wakati wa Idi. Mkeka ulisogea. Shangazi yako akaniomba nisikwambie, nami sikutaka ugomvi uanzie kwangu."

Kwa hiyo nilipokuuliza mwezi wa pili, kwa heshima zote, kama unaijua sakafu yoyote ya Twalib iliyo sawa, ulikuwa umekaa juu ya jibu. Uliandika ile barua miguu yako ikiwa juu ya malengelenge. Ukaona yanayotokea kwako, na bado ukayatuma kwenye chumba cha kuzalia. Jicho, umesema. Roho mbaya. Mie nilikuwa naogopa kazi yangu, naogopa bosi, nakuogopa wewe, na wakati wote huo ulikuwa unajua!

Pale ofisini sikuweka sahihi. Nilisukuma karatasi upande wa pili wa meza. Bosi aliivuta, akaikata mistari na kuandika kwa mkono wake: fundi alipendekezwa na Bi Mwanaheri, mama yake mzazi, nami Mudathir nikakubali kinyume cha ushauri wa karani. Akatia sahihi yake. Halafu akaniambia, kama mtoto, "Lakini utamwambia wewe. Mie siwezi."

Ndiyo nakuambia.

Gibson ameitwa. Amebandika nailoni zake upya, amesema tusubiri mvua ziishe, kisha asage, azibe maji, ndipo amwage. Safari hii hakuna aliyemharakisha. Ya zamani inabomolewa na Twalib mwenyewe, kwa tindo na nyundo, kwa ombi lake.

Raudha


Kilwa Masoko,
1 Juni 2025

Mwanangu Raudha,

Salaam nyingi kwako na kwa mama yako. Idi ya kuchinja imekaribia, Mungu atufikishe. Mie si mzima sana, presha.

Barua yako nimeipata. Sina la kusema juu ya sebule yangu, ni nyumba yangu.

Ila hilo la jina. Karatasi ya wakaguzi inakwenda ofisini, watu wataisoma, wengine niliwafundisha. Jina langu halijawahi kuandikwa mahali pa ubaya. Mudathir nimemwandikia, hajibu. Wewe ndiye unayepeleka hizo karatasi. Mwambie aiandike upya, atoe langu, aweke la Twalib peke yake. Yeye kijana, na mafundi kila siku wanaharibu kazi, watu watasahau. Nami siku ya Idi, ndugu wote wakiwa hapa, nitasimama niwaambie nilikusoma vibaya, hukusema neno baya juu ya dua.

Mie siombi ovyo. Sasa naomba.

Shangazi yako,
Mwanaheri


Kiwalani,
11 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Idi tumesali vizuri. Pole kwa presha. Mama anakutumia dawa zako kwa basi hili hili, zimefungwa kwenye kitambaa cha kijani, mdai kondakta.

Taarifa ilikwenda kama ilivyo, na sitamwambia bosi aiandike upya. Nimethibitishwa kazini. Ndugu waambie unavyotaka kuwaambia. Wakinipigia nitawajibu mmoja mmoja.

Barua yako sikumwonyesha mtu. Twalib siku hizi anakula kwetu, anakuja na vumbi la zege mpaka kwenye kope, amebakiza kona moja tu. Gibson amemwambia abaki ajifunze kusaga, na amekubali. Jana aliona bahasha ina mwandiko wako. Akanawa mikono haraka haraka, akauliza, "Mama kasemaje juu yangu?"

Nilimwambia unamsalimu sana.

Mwandikie, shangazi, nisije nikawa muongo.

Raudha